Sauti ya Kuazima

Kijana mmoja wa Bariadi, mpenda kuwinda na mwenye kibali chake cha serikali, aliniomba nimchagulie filimbi ya kuitia bata-mwitu. Alidhani kwamba mtu wa visiwani, aliyekulia karibu na bandari, hakosi kuvijua vitu vya ng'ambo. Jibu la ufundi nilimpa siku ile ile. Jibu la uadilifu limenichukua muda mrefu, nalo ndilo niliandikalo hapa.

Filimbi hizo, zilizotia fora Marekani, ni mrija wa mti au wa plastiki wenye ulimi mwembamba ndani yake. Ya ulimi mmoja hutaka pumzi iliyofunzwa, lakini humwezesha mpigaji kupandisha na kushusha sauti apendavyo. Ya ndimi mbili humsamehe anayeanza. Ya mti hutoa sauti laini ifaayo penye matete. Ya plastiki ngumu hutoa sauti kali ya kuvuka uwanda wenye upepo. Yote hayo ni kweli, wala hayamfai kijana wangu. Aghalabu filimbi hizo hunena lugha ya bata wa kaskazini, ilhali bata waingiao kwa makundi katika majaruba ya mpunga ya Usukuma ni pamoja na yule wa uso mweupe, ambaye hupiga mluzi wa sauti tatu. Amtakaye huyo hana haja ya kununua kitu. Midomo yake yatosha.

Hapo ndipo swali lilipogeuka. Je, yafaa kumwita kiumbe kwa sauti ya nduguye ili umuue?

Sisi wa pwani tutasema upesi kwamba mtego bila ya chambo haunasi. Mvuvi hutia ngisi katika ndoana, na hakuna amlaumuye. Ni kweli, lakini chambo husema na tumbo, na samaki hufuata tamaa yake. Sauti husema na kitu kingine. Bata hushuka kwa kuwa amemsikia mwenzake yu salama. Amnasaye kwa sauti hautumii ulafi wake, bali huitumia imani yake.

Mwaka 1935 Marekani ilipiga marufuku kuwatumia bata hai kuwavuta wenzao, na hata leo rekodi za sauti haziruhusiwi katika uwindaji wa kawaida wa bata. Filimbi ya mdomo imeachwa. Nia ilikuwa kuwanusuru bata waliokuwa wakipungua, si kuunusuru ukweli. Hata hivyo sheria hiyo imekubali kwamba hila nayo ina mpaka.

Katika mkoa huo huo wa Simiyu, wilayani Meatu, kuelekea bonde la Ziwa Eyasi, upo wito wa namna nyingine. Wahadzabe humpigia mluzi ndege aongozaye watu kwenye asali, naye huruka mti kwa mti hadi penye nyuki. Utafiti wa Claire Spottiswoode na Brian Wood, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba ndege wa huko huuitika zaidi mluzi wa Wahadzabe kuliko wito wa Wayao wa Msumbiji, na wale wa Msumbiji huuitika zaidi wito wa kwao. Ndege wamejifunza lugha ya majirani zao.

Laiti ningeweza kukomea hapo! Lakini mwaka 2014 Wood na wenzake walieleza kwamba Wahadzabe mara nyingi hawamwachii ndege nta. Huizika au huichoma, ili abaki na njaa azidi kuongoza. Wala ndege mwenyewe si malaika: hutaga katika viota vya ndege wengine, na kinda lake huwaua makinda ya mwenye nyumba. Tofauti iliyobaki ni ndogo, ila haifutiki. Mluzi wa Mhadzabe husema, "Mimi ni mtu, natafuta asali," na ndivyo ilivyo. Mluzi wa mwinda bata husema, "Mimi ni bata."

Wapenzi wa ushairi yamkini watashtuka. Malenga naye huazima sauti, akanena kwa kinywa cha njiwa, cha jahazi, au cha mjane ambaye siye. Je, naye ni mwongo? Kipimo changu ni hiki: msikilizaji akiijua siri, atakuja bado? Msomaji ajua kwamba njiwa hakutunga beti, na huja kwa hiari yake. Bata angalijua, asingalishuka. Kuiga si kosa; kosa ni kuiga kusikofaa kitu isipokuwa kwa kutojulikana. Mgombea ajifunzaye kusema "mwangaluka" wiki ya kura tu, naye ameshika filimbi ile ile.

Nilimwandikia kijana: jifiche katika matete, unyamaze, usubiri. Afichaye mwili wake hajasema neno la uongo. Akanijibu kwamba mbegu za babake huliwa na bata hao usiku kucha, nao hawamwombi radhi.

Sina hoja ya kumshinda. Nasema tu kwamba bata huiba kwa sauti yake mwenyewe.