Nani Atalipa Fedha za Kikoba?

Hapa Sofu, mtu akivuruga nyumba za watu, majirani wana hukumu mbili tu. Ya kwanza ni kwamba ana mashetani. Ya pili ni kwamba ana roho mbaya. Mwenye mashetani hupelekwa kwa shehe akasomewe, au kwa mganga huko Kisarawe, na alichofanya hakidaiwi tena kwa sababu si yeye aliyekifanya. Mwenye roho mbaya hususwa: hakopeshwi, haalikwi kwenye shughuli, na mama yake huanza kupita njia ya uani akienda sokoni. Nimekaa miaka mingi kwenye baraza la kata, na hukumu zote mbili nimeziona zikitembea. Naamini zote ni dhuluma. Na mmoja wa waliohukumiwa ni mtoto wa dada yangu.

Sisi Wazaramo, mjomba hakai pembeni. Ukoo wetu wa asili unafuata upande wa mama, na mtoto wa dada akiharibu, wanaodai hodi wanapiga kwa mjomba kabla ya kwa baba. Ndivyo walivyonijia akina mama wa kikoba, chama chao cha kuweka na kukopeshana, wamekaa barazani kwangu wamenuna, chai hawaigusi. Dada yangu ndiye mweka hazina wao. Sanduku lao lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, lakini hisa zilizokusanywa jioni zililala nyumbani kwake kabla hazijaingia sandukuni. Kulipokucha, shilingi 380,000 hazipo, na binti yake hayupo.

Aliporudi, fedha zote zilikuwa zimekwenda kwa mwanaume wake, dereva wa bodaboda wa eneo la Picha ya Ndege, akalipe marejesho ya pikipiki. Bwana huyo alikuwa ametishia kumwacha. Haikupita muda binti akaona meseji ya mwanamke mwingine kwenye simu ya yule bwana, akachukua tofali akavunja taa na vioo vya pikipiki ileile aliyoilipia. Jioni hiyohiyo alijifungia chumbani akajiumiza, tukavunja mlango. Nilipomshika mkono nikaona makovu mapya yamelala juu ya ya zamani, na ya zamani yalikuwa ya tangu shuleni. Alikuwa akilia na kurudia jambo moja: "Mjomba, mama anichukie tu, lakini asiniache."

Dada yangu alitaka tuseme hospitali kwamba amekatwa na bati. Ninamwelewa. Majeraha ya namna hiyo huleta maswali ya PF3, ile fomu ya polisi, na kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Kenya, mwezi Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha aina hiyo kinakwenda kinyume na katiba. Kwetu mama anabaki kuchagua kati ya tiba ya mwanawe na kesi ya mwanawe, na anayetunga sheria angepaswa kukaa saa moja na mama wa namna hiyo kwenye benchi la hospitali. Sisi tulisema kweli, na binti akatibiwa.

Daktari wa afya ya akili aliyemwona baadaye alitueleza kwamba binti ana ugonjwa wa haiba, ule unaoitwa wa mpakani. Jina hilo lilitoka kwa daktari Adolf Stern wa New York mwaka 1938, kwa wagonjwa aliowaona wamesimama kati ya wasiwasi wa kawaida na kurukwa na akili. Mwaka 1980 madaktari wa Marekani waliuingiza rasmi katika kitabu chao cha uainishaji. Leo kitabu hicho kinataja alama tisa: hofu kubwa ya kuachwa, mapenzi yanayogeuka chuki ndani ya siku moja, kutojijua wewe ni nani, papara, kujidhuru, mawimbi ya hisia, utupu moyoni, hasira isiyoshikika, na shuku au kujitoka wakati wa msongo. Tano zikitimia, jina linaandikwa. Mimi nilifundisha hesabu kabla ya kustaafu, nikakaa nikapiga: njia za kupata tano au zaidi kati ya tisa ni 256. Watu wawili wanaweza kubeba jina hilohilo na wakafanana katika alama moja tu. Kwa hiyo mtu akiniambia "wenye ugonjwa huo wako hivi," huwa ninamuuliza anamsema yupi.

Sasa nimlete kijana wa pili. Viwanja vya Sofu vimepanda bei tangu mashamba ya mikorosho yaanze kukatwa vipande, na kijana huyu aliuza kipande kimoja mara mbili. Mnunuzi wa pili alikuwa mjane aliyeuza mashine yake ya kukoboa ili apate fedha. Tangu mwaka 2021 kazi ya baraza letu kwenye ardhi ni kusuluhisha tu, kwa hiyo tuliwakalisha wote wawili. Mjane alitetemeka muda wote. Kijana alikuwa mtulivu na mwenye adabu, shikamoo kwa kila mzee. Nilipomuuliza kama haoni haya, alinitazama kwa upole akasema, "Mzee, kwani yeye alishindwa kuulizia kwa majirani kabla ya kulipa?"

Watu kama yeye nao wana jina kwenye kitabu cha madaktari, jina la wasiojali haki za wenzao. Halitolewi kabla ya miaka 18, na lazima dalili ziwe zimeonekana kabla ya miaka 15. Mwaka 1941 Hervey Cleckley, daktari wa Georgia huko Marekani, aliandika kitabu kizima juu ya watu wa aina ya karibu na hiyo, wanaozungumza vizuri na kufikiri vizuri, ila majuto hayawaingii. Nikasema moyoni, basi hawa wawili ni mbingu na ardhi. Yule wangu anaungua kwa majuto, huyu hana hata cheche.

Nisingeandika lolote kama jambo lingeishia hapo. Ulipofika wakati wa kutia dole gumba, kijana alikunja mkono wa shati asiuchafue kwa wino wa muhuri, na mkononi, kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko, makovu yalikuwa yamejipanga sambamba kama yale ya mpwa wangu. Nilimsubiri nje. "Zamani hizo, mzee," alisema. "Nilipokuwa naishi kwa baba wa kambo." Kisha akawasha pikipiki.

Na upande wa pili, dada yangu aliniletea daftari la hisa. Karatasi moja ilikuwa imechanwa na nyingine ikaandikwa upya, jina kwa jina, kwa mwandiko wa kumuiga mama yake, bila kosa hata moja. Papara haiandiki vile. Mtu aliketi, akatulia, akapanga. Msichana wa majuto alikuwa na saa yake ya ubaridi, na kijana baridi aliwahi kuwa na saa zake za kuungua.

Madaktari wanalijua hili. Katika kitabu cha Marekani hali hizi mbili zimewekwa kundi moja, na zote hukutwa na papara, hasira, na mara nyingi utoto wa kupigwa au kutelekezwa. Tafiti za magereza katika nchi mbalimbali zimekuta watu wengi wenye hali zote mbili kwa pamoja. Watafiti pia wamelalamika kwa muda mrefu kwamba kwa matendo yanayofanana mwanamke huandikiwa jina la mpakani na mwanaume huandikiwa lile lingine, mmoja akapelekwa kliniki na mwenzake rumande. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji ulioanza kutumika mwaka 2022, limebomoa sehemu kubwa ya kuta hizo: daktari hupima kwanza uzito wa tatizo, kisha hutaja mielekeo, na kutojali wenzako ni mwelekeo mmoja unaoweza kuambatana na mingine. Ule wa mpakani umeachwa kama nyongeza ya hiari.

Ikiwa mpaka wenyewe unavuja hivi, sisi wazee wa baraza tunamhukumu nani kwa lipi? Kwangu hili ni swali la dini kabla ya kuwa la hospitali.

Kila mtoto wa madrasa anajua kwamba kalamu ya dhambi imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka akili imrudie. Mpwa wangu si mmoja wao. Alijua fedha ni za nani. Lakini kusema alikuwa kama wewe na mimi tulivyo sasa hivi, tumekaa kivulini, nako si kweli. Ibn al-Qayyim wa Damascus, aliyefariki mwaka 1350, alipojadili talaka ya mwenye hasira aligawa hasira mafungu matatu. Ipo ambayo mtu anajua anachosema, na talaka yake inapita. Ipo inayofunika akili kabisa, na maneno yake ni upepo. Na ipo ya kati, ambayo wanavyuoni wamehitilafiana, naye akaegemea kwamba talaka hiyo haipiti. Namheshimu kwa kulitaja fungu la kati kwa jina lake. Majirani zangu hawana fungu la kati.

Lakini msaada mkubwa zaidi niliupata kwenye mlango wa fiqhi ambao watu huupita haraka, ule wa mali iliyoharibiwa. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mtoto akivunja chungu cha jirani hana dhambi, na chungu kinalipwa kutoka mali yake. Mwendawazimu vivyo hivyo. Dhambi ina hesabu yake, na haki ya mwenye chungu ina yake. Hatusubiri kujua kilichokuwa moyoni mwa aliyekivunja ndipo tumtazame aliyevunjiwa. Kwa hiyo nikaacha kubishana na akina mama wa kikoba kama binti ana jini au hana. Mimi ni Mwislamu, majini ninayaamini. Jini awepo au asiwepo, hisa za watu zinarudi.

Mwanafalsafa Hanna Pickard, aliyefanya kazi katika jumuiya ya tiba kwa watu wa namna hii huko Oxford, alifika mahali pa karibu na hapo kwa njia nyingine. Mwaka 2011 aliandika kwamba mgonjwa lazima achukuliwe kuwa na uwezo fulani wa kuchagua, la sivyo huwezi kumwomba abadilike, na papo hapo mhudumu aiweke kando ile lawama yenye sumu, kwa sababu humrudisha mgonjwa kwenye kujidhuru. Na kabla yake, mwaka 1962, mwanafalsafa P. F. Strawson alionya kwamba ukiacha kabisa kumkasirikia mtu, unaanza kumwona kama kitu cha kusimamiwa. Mpwa wangu hajawahi kusikia jina la Strawson, lakini siku moja shangazi yake aliponikatisha akisema, "Mwache, huyo mgonjwa," aligeuka na kumwambia, "Mkisema mimi mgonjwa mnaacha kunisikiliza."

Kuhusu kubadilika, ninabaki upande wa Ghazali. Katika kitabu chake Ihya aliwakatalia waliodai kwamba tabia ni kama umbile, haigeuki. Kama ingekuwa hivyo, mawaidha yote yangekuwa bure. Dawa yake ni kinyume cha ugonjwa, kwa mazoezi, kidogo kidogo: bakhili atoe, mwenye kiburi ahudumu. Marsha Linehan wa Seattle, aliyetunga tiba inayotumika zaidi kwa haiba ya mpakani na kuichapisha mwaka 1993, ana zoezi la aina hiyohiyo: hisia ikikusukuma kushambulia kwa jambo lisilostahili, tenda kinyume chake. Mwaka 2011 alisema hadharani kwamba yeye mwenyewe, akiwa msichana, alilazwa hospitali ya akili kwa kujidhuru. Tafiti za kufuatilia wagonjwa kwa miaka mingi zimeonyesha kwamba wengi wao hupata nafuu kubwa. Muuguzi alimfundisha binti yetu kuzamisha uso kwenye maji baridi pale moto unapopanda. Dada yangu akaniuliza, "Kaka, si ndiyo udhu huo?" Hadithi ya udhu wakati wa hasira wanavyuoni wamejadili nguvu ya mnyororo wake. Maji yenyewe yapo kwenye mtungi, na nimemwona akiyakimbilia.

Hapa lazima niseme kuhusu majuto, kwa sababu watu wengi wema hunikatalia hapa. Wanasema binti asamehewe kwa kuwa analia, na kijana asilegezewe kwa kuwa halii. Qurani inaitaja nafsi yenye kujilaumu, na ninaamini kuwa nayo ni neema. Lakini machozi ya mpwa wangu hayakuwahi kurudisha hata shilingi moja. Yalimfanya mama yake amsamehe saa ileile, na deni likabaki. Majuto yake yalikuwa yanampeleka kwenye wembe, si kwa akina mama aliowaibia. Toba ina sharti la kumrudishia mwenye haki haki yake, na sharti hilo linaweza kuanza kutekelezwa na mtu ambaye moyo wake haujalainika. Ndiyo maana simwoni kijana wa viwanja kuwa amefungiwa mlango. Sijui kama moyo wake utalainika. Mjane hawezi kusubiri huo moyo.

Mpwa wangu sasa anakaanga mihogo na chipsi karibu na stendi, na kila mwisho wa mwezi anapeleka shilingi 20,000 kwenye mkutano wa kikoba, mwenyewe, mbele ya wote. Nilitaka kulipa deni lote mara moja nimalize aibu. Mwenyekiti wao, mama mkali na mwenye busara, akanikatalia. "Mjomba, ukilipa wewe tutakuwa tumepokea fedha, yeye tutakuwa hatujampokea." Kuna mwezi alikosa, akatukana, akaondoka akipiga mlango. Mwezi uliofuata alileta 40,000. Funguo za sanduku hazishiki, na hilo analikubali.

Kwa kijana, wenzangu barazani walitaka tuandike kwenye makubaliano kwamba ni tapeli sugu, ili kila anayesoma ajue. Mmoja, aliyeyaona makovu kama mimi, alitaka tuandike mgonjwa. Nilikataa yote mawili. Makubaliano yake nimeyaandika kwa maneno yaleyale ya mpwa wangu: kiasi gani, kwa nani, lini, na mbele ya nani. Tofauti ni kwamba muda wake ni mfupi zaidi, na mdhamini ni lazima.