KOMPYUTA YA NYUMBANI NA AMRI YA NANE



Siku hizi wazazi wengi wa parishi zetu hujiuliza kama yafaa kununua kompyuta ya nyumbani, ili watoto wajisomee na hesabu za sadaka ziandikwe vizuri. Habari ya bei yaweza kuelezwa na fundi. Sisi twataka kulitazama swali jingine, ambalo fundi halitaji: tunaponunua kompyuta twaahidi nini, na je, twaweza kuitimiza ahadi hiyo mbele ya Mungu na mbele ya jirani?

Kompyuta isiyo na programu ni kama redio isiyo na betri. Kabla ya programu ya kuandikia barua au ya kupigia hesabu, yahitaji kwanza programu kuu iendeshayo mtambo wote, nayo huitwa mfumo wa uendeshaji. Mfumo ulio maarufu madukani ni Windows. Mwenye kuutumia hukubali masharti: kwamba ataulipia, kwamba hatawapa wengine nakala, wala hataufungua ndani kuona ulivyotengenezwa. Hii ni ahadi kama ahadi nyingine yoyote, ijapokuwa watu huikubali kwa kubonyeza kidole bila kusoma.

Nasi twayajua yatendekayo. Fundi hutia nakala isiyolipiwa, mnunuzi humpa fundi ujira mdogo, na kompyuta yaingia nyumbani. Je, huu ni wizi? Wengine husema: aliyeibiwa mbuzi hana mbuzi tena, lakini mwenye programu bado anayo programu yake. Hoja hii ina nguvu kidogo, ila haitoshi. Afanyaye kazi astahili malipo, na aliyetoa kazi yake kwa masharti hakuitoa kwa kila mtu. Katekisimo ilitufundisha kuizuia mikono yetu isiibe, na vilevile kuwa wakweli na wenye haki katika mambo yetu yote. Mtu anayekubali sharti huku akijua kwamba amekwisha kulivunja, huyo si mkweli. Na mtoto aonaye hayo nyumbani hujifunza somo ambalo mwalimu hatalifuta kwa urahisi.

Lakini tusiishie hapo, maana liko tatizo la pili, tena gumu zaidi. Tuseme tumelipa yote kwa haki. Jioni jirani aja, mtoto wake ana mtihani, naye aomba nakala ya programu. Tukimpa, twavunja ahadi. Tukimnyima, twamfungia mlango mtu tuliyeamriwa kumpenda, tena kwa kitu ambacho tukimgawia hakitupungukii. Richard Stallman wa Marekani, aliyetangaza mwaka 1983 kazi ya kutengeneza mfumo huru uitwao GNU, alishikilia kwamba ahadi ya namna hiyo haifai kutolewa kabisa. Sisi hatusemi kwamba kila auzaye programu ana dhambi. Ila twaona ni busara kuzichagua ahadi zetu kabla jirani hajabisha hodi.

Hapa ndipo habari ya UNIX inapotufaa. Mfumo huo ulianzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, iliyokuwa ya AT&T, kampuni ya simu ya Marekani. Hukumu ya mwaka 1956 iliizuia kampuni hiyo kufanya biashara nje ya mambo ya simu. Kwa hiyo vyuo vikuu vilipewa UNIX kwa ada ndogo, pamoja na maandishi yake ya ndani, ambayo mtaalamu akiyasoma ajua kila kitu kinavyofanya kazi. Huko Australia mwalimu John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales aliandika, katika miaka ya 1976 na 1977, kitabu cha kuwaeleza wanafunzi wake maandishi hayo. Kisha kampuni ikabadili masharti. Toleo la saba la UNIX, lililotoka mwaka 1979, maandishi yake ya ndani hayakuruhusiwa kufundishwa darasani. Kitabu cha Lions kikaendelea kuenea kwa nakala za siri, mkono kwa mkono, hata kilipochapishwa wazi mwaka 1996. Sisi tuliofundisha miaka mingi katika chuo cha ualimu twalitazama jambo hili kwa uchungu: vijana waliotaka kujifunza tu walijikuta wavunja sheria.

Lakini wako waliopita njia nyingine. Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam aliandika mfumo wake mwenyewe, mdogo, wa kufundishia, akauita MINIX. Ulitoka mwaka 1987 pamoja na kitabu chake. Januari 1991, mjini Helsinki, mwanafunzi wa miaka 21 aitwaye Linus Torvalds alinunua kompyuta ya nyumbani akatia MINIX ndani yake. Alitamani UNIX, lakini bei yake haikuwa ya mwanafunzi. Basi akaanza kuandika mfumo wake, akawapa watu mwaka ule ule. Mwaka 1992 akauweka chini ya leseni iliyotungwa na Stallman: kila mtu aweza kuutumia, kuusoma, kuubadili na kuugawa, mradi anayegawa awape wengine haki ile ile aliyopewa yeye. Huo ndio Linux. Kwa jina si UNIX, lakini kwa tabia wafanana nayo kama mtoto na mzazi.

Yatupasa kuangalia kwamba Torvalds alikuwa na haja ile ile aliyo nayo mzazi wa leo: fedha kidogo na hamu kubwa. Hakuimaliza haja yake kwa mali ya mtu, bali kwa kazi, na kazi hiyo akawapa wengine.

Basi tununue nini? Si lazima mashine mpya. Kompyuta iliyokwisha tumika, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, yatosha kwa mifumo myepesi ya Linux. Mmoja wa jamii hiyo waitwa Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Na jina hilo ni ndugu wa neno letu utu. Mwaka huo huo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa ya kuitafsiri, kwa kuwa ruhusa ilikwisha tolewa kwa wote. Kompyuta za Apple nazo zina UNIX, iliyothibitishwa tangu mwaka 2007, lakini masharti yake huufunga mfumo huo kwenye mashine za Apple tu. Kwa hiyo jina la UNIX peke yake halitoshi, tutazame ahadi.

Wala tusidanganyane kwamba kilicho bure hakina jasho. Mfumo mgeni wataka uvumilivu wa kujifunza, na baadhi ya programu zilizoandikwa kwa Windows hazitafanya kazi humo. Ambaye kazi yake yahitaji programu hizo, na alipe kwa haki, wala asione haya. Na ambaye atapokea bure, ajue kwamba amepokea deni la namna nyingine: kujifunza vema, kisha kumfundisha mwingine.

Kwa hiyo, kabla hatujatoa fedha, tumwulize muuzaji maswali matatu. Programu iliyomo ni ya nani? Tukiitumia, tumekubali nini? Na jirani akija kuomba nakala, twaweza kumpa? Kama muuzaji hawezi kuyajibu, tutafute fundi mwingine.