Maji ya Mto na Haki ya Mnyama Aliyefungiwa

Limeulizwa katika darasa letu la Bondeni swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo, na baadhi ya waliohudhuria walilicheka: Je, yafaa maji ya mto yachepuliwe kwenda kumwagilia konde la majani ya kulisha wanyama wa mwitu, hali ya kuwa watu wa mto huo huo huyachota kwa madumu na kuyabebesha punda? Waliocheka walisema kwamba mnyama wa mwitu anaye Mola wake amruzukuye, wala sisi hatukuamrishwa kumlimia. Neno hilo ni kweli, lakini ni kweli kwa mnyama aliye huru. Na huyu wetu, je?

Maana sisi wa Nakuru twaishi ubavuni mwa hifadhi isiyofanana na nyingi za nchi hii. Hifadhi ya Ziwa Nakuru, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 188 hivi, ilizungushiwa ua wa umeme katika miaka ya 1980 ili vifaru walioletwa humo wasalimike na majangili. Ua huo umefanya kazi yake, nasi hatuulaumu. Lakini waya umzuiao mwizi kuingia ndio umzuiao nyati kutoka. Zamani kiangazi kilipokaza mnyama alilifuata wingu mpaka lilikonyesha; leo hufika kwenye waya akarudi. Na tangu mwaka 2010 hivi ziwa nalo limekuwa likipanda, likayameza malisho ya ukingoni pamoja na lango kuu la zamani. (Nyani wamejitoa wenyewe katika mas'ala haya: ua hauwazuii, na njia ya majikoni mwetu waijua.)

Katika mafunzo ya Mtume (s.a.w.) imo habari mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Wengi wetu twaisimulia ili kuhimiza huruma, tukapita bila ya kutazama kosa lenyewe lilikuwa nini. Hakuadhibiwa kwa kutomlisha peke yake. Mapaka wangapi wa mjini hatuwalishi! Kosa lake ni kuwa alimfungia, kisha hakumpa chakula wala hakumwacha akajitafutie. Ndiyo kusema kwamba wajibu ulizaliwa pale mlango ulipofungwa. Basi konde la majani, kwa walio nje ya ua, ni sadaka. Kwa walio ndani yake ni deni.

Sasa na tuyatazame maji. Mafakihi wametafautisha baina ya haki mbili ambazo watu huzichanganya: haki ya kunywa na haki ya kumwagilia. Ya kwanza ni ya kila kinywa, cha mtu na cha mnyama, na mwenye maji hana ruhusa ya kukizuia kile kilichozidi haja yake. Ya pili ni ya mashamba, nayo ina zamu na mpaka: wa juu hutangulia, lakini maji yakishafika vifundoni huyaachilia yamfikie wa chini, kama Mtume alivyohukumu katika mabonde ya Madina. Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2016 imekaribia maana hiyo hiyo. Imetanguliza matumizi ya nyumbani mbele ya matumizi mengine yote, na imetaka kiasi kibakishwe mtoni kwa mahitaji ya lazima ya watu na kwa uhai wa mto wenyewe.

Tukilipima konde letu kwa mizani hiyo, tutaona kuwa konde si kinywa; ni shamba. Majani ya nyati hayana haki ya kumtangulia mtoto mwenye kiu. Lakini vilevile, na hapa waliocheka hawakufika, viazi vya mtu wa juu havina haki ya kuitangulia kiu ya nyati. Mto Njoro watoka Mau ya mashariki, wapita Njoro na Chuo Kikuu cha Egerton, kisha huingia ziwani. Msitu umekatwa sana, watu wameongezeka, pampu zimeongezeka, na wakati wa kiangazi sehemu zake za chini hukauka. Aliye juu humaliza kumwagilia, akajifuta jasho, akasema Mungu hakuleta mvua. Mungu aliileta, yeye ndiye aliyeishika.

Watakuwako watakaosema: Mkiwalisha watazaliana, na kesho mtahitaji konde kubwa zaidi. Hoja hii si ya mzaha. Katika ukame wa 1970 na 1971 maelfu ya ndovu walikufa Tsavo. Na kabla yake palikuwa na ubishi mkali, baadhi ya wataalamu wakitaka wapunguzwe kwa bunduki, naye mlinzi wa hifadhi, David Sheldrick, akishikilia kwamba maumbile yaachwe yajisawazishe yenyewe. Rai yake ina uso, kwani Tsavo ni nchi pana mno na mnyama aliweza kutembea mpaka mwisho wa nguvu zake. Lakini ndani ya ua, kuacha si kuacha. Ni kushika ufunguo mkononi na kutazama.

Basi na wahamishwe? Naam, ni njia, nayo hutumika. Ila amana haikatiki kwa safari ya gari. Mnamo Julai 2018 vifaru weusi 11 walitolewa hifadhi za Nairobi na Nakuru wakapelekwa Tsavo Mashariki; kumi wakafa, na sababu iliyotolewa ni maji ya chumvi waliyowekewa huko, na wa kumi na moja akashambuliwa na simba naye akafa. Aliyewahamisha aliwachagulia na kisima.

Ndugu zetu wa pwani wasidhani habari hii ni ya bara peke yake. Maji ya Mzima, yateremkayo Mombasa kwa bomba la kilomita zaidi ya 200, ni maji ya viboko kabla hayajawa ya mifereji yenu. Katika ukame wa 2009, nyasi za pale zilipokwisha, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori liliwapelekea viboko robota za majani makavu. Mimi naona katika robota zile jawabu kubwa kuliko la mfereji. Majani hukua masika, mto umejaa na hapana anayegombea maji. Yakikatwa na kuwekwa ghalani, kiangazi hakuna haja ya kumnyang'anya mtu dumu lake. Na ikiwa hapana budi konde limwagiliwe, basi maji yake yatekwe ya gharika, yahifadhiwe bwawani, yasiwe ya mwezi wa Januari.

Inabaki nia. Huko Marekani wako wapandao makonde kama haya ili paa wazoee kuja kula, kisha wawapige risasi hapo hapo mezani. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, lakini twaweza kulipanda konde kando ya barabara ili mtalii apate picha, tukaliita huruma. Likipandwa kwa ajili ya picha halikulipa deni lolote, na halistahiki hata zamu ya shamba la viazi. Likipandwa kwa ajili ya tumbo la aliyefungiwa, lina zamu sawa na shamba hilo, na maji yakipungua yote mawili yafungwe pamoja, na birika la kunyweshea libaki wazi.