Aliyekosa Kadi Amekosa Nini?



Uchaguzi unapokaribia, mazungumzo yetu vyuoni huwa ni ya wagombea: nani asimame, nani aungwe mkono, nani kageuka. Swali linalotangulia yote hayo hatulijadili sana, nalo ni hili: nani atakubaliwa kuhesabiwa? Makala haya yanalitazama swali hilo kwa upande wa maadili. Je, ni uadilifu serikali kumtaka mwananchi awe na kitambulisho ndipo apige kura? Au sharti hilo linawatwisha baadhi yetu mzigo ambao wengine hawaujui uzito wake?

Tuanze na hali ilivyo nchini. Mwaka 2014 serikali ilianza kuwaandikisha wananchi kwa ajili ya kitambulisho cha taifa, tunachokiita Ndaga Muntu. Mwaka 2015 ikapitishwa Sheria ya Usajili wa Watu, ambayo iliunda NIRA. Tangu uchaguzi wa Februari 2016, rejista ya wapigakura hutengenezwa kutokana na taarifa za usajili huo. Kwa hiyo kizingiti hakiko mlangoni mwa kituo cha kura peke yake. Siku yenyewe, jina na picha vilivyomo katika rejista, pamoja na mashine ya alama za vidole, vinaweza kumtambua mtu. Lakini ambaye hakusajiliwa hayumo katika rejista, na asiyekuwemo hapigi kura hata kama kijiji kizima kinamfahamu tangu siku aliyozaliwa.

Wanaotetea utaratibu huu wana hoja nzito, na si uadilifu kuipuuza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kura ni mali. Mtu mmoja akipiga kura mara tatu, ameziua kura za majirani wawili. Nchi hii imeyaona hayo. Katika kesi ya uchaguzi wa mwaka 2006, Besigye dhidi ya Tume ya Uchaguzi na Museveni, Mahakama ya Juu ilikuta kwamba katika baadhi ya maeneo watu walipiga kura zaidi ya mara moja na masanduku yalijazwa kura za bandia. Lakini katika kesi hiyohiyo, mahakama ilikuta pia kwamba kuna wananchi walionyimwa kura kwa sababu majina yao yalifutwa katika rejista. Majaji wanne dhidi ya watatu walikataa kuyabatilisha matokeo. Sisi tuzingatie jambo moja: maradhi yalikuwa mawili. La kwanza ni mtu asiyestahili kuingizwa, na la pili ni mtu anayestahili kutolewa. Kadi inatibu la kwanza. Ikitolewa vibaya, inazidisha la pili.

Sasa tufikirie kadi yenyewe ni kitu gani. Sisi Waislamu tuna mfano ulio karibu sana nasi, kwa kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu maandishi. Inawaamuru waumini wanapokopeshana kwa muda maalumu waandike, wawepo mashahidi, na wasichoke kuandika liwe deni dogo au kubwa. Dini yetu, basi, haiwezi kusemwa kuwa inadharau kumbukumbu. Lakini tazama kazi ambayo maandishi yamepewa pale. Deni halizaliwi na karatasi. Deni lipo tangu fedha zilipotoka mkono huu kwenda mkono ule. Karatasi inalilinda lisisahauliwe wala lisikanwe. Ndiyo maana wanazuoni wengi waliifahamu amri hiyo kuwa ni ya kupendekezwa, na deni lisiloandikwa likabaki kuwa deni. Aya inayofuata inaeleza la kufanya watu wakiwa safarini na mwandishi asipatikane: iwepo rehani, na wakiaminiana, aliyeaminiwa atekeleze amana yake. Kukosekana kwa mwandishi hakumfutii mtu haki yake.

Kuna jambo jingine katika aya hiyo ambalo tunalipita haraka. Mwandishi anaambiwa asikatae kuandika, na aandike kwa uadilifu. Anayeamrishwa kutamka maneno ya kuandikwa ni mdaiwa, si mdai, na kama mdaiwa ni dhaifu, msimamizi wake atamke kwa niaba yake. Mdai hakuambiwa azunguke mjini akimtafuta mwandishi siku tatu, na akirudi mikono mitupu deni lake limekufa.

Katika suala la kura, mdaiwa ni nani? Katiba yetu ya mwaka 1995 imejibu katika Ibara ya 59. Inampa kila raia aliyefikisha miaka 18 haki ya kupiga kura. Inamwekea raia wajibu wa kujiandikisha. Kisha inaiwekea dola wajibu wa kuchukua kila hatua inayohitajika ili raia wote wanaostahili wajiandikishe na waitumie haki yao. Wajibu ni wa pande mbili, lakini uzito wake haulingani: raia anatakiwa ajitokeze, na dola inatakiwa ifanye kila linalohitajika. Dola ndiyo inayodaiwa, na dawa ya deni ni kulipa.

Tukiipima hali halisi kwa kipimo hicho, tunaona mzigo umeangukia wapi. Mwezi Juni 2021, kituo cha haki za binadamu cha Chuo Kikuu cha New York pamoja na mashirika ya hapa Uganda, ISER na Unwanted Witness, walitoa ripoti iliyokadiria kwamba hadi theluthi moja ya watu wazima nchini huenda hawana kitambulisho cha taifa. Ripoti ilihusu hasa wazee na wanawake waliokosa matibabu na posho ya wazee, lakini milango inayofungwa na kadi ni mingi, na wa kura ni mmojawapo. Kuna mkulima mzee ambaye jembe limezifuta alama za vidole vyake, na mashine haimsomi. Kuna bibi ambaye mwaka wake wa kuzaliwa uliandikwa kimakosa. Ada ya kupata kadi nyingine badala ya iliyopotea iliwekwa kuwa shilingi 50,000, na posho ya wazee ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Kwa mtu wa namna hiyo, kadi iliyopotea ni miezi miwili ya kula, bila kuhesabu nauli ya kwenda wilayani na kurudi.

Kuna pia wasioaminiwa kuwa ni watu wa hapa. Katiba inamtambua raia wa kuzaliwa kwa kuangalia jamii zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, na jamii hizo zimeorodheshwa katika Jedwali la Tatu. Wamaragoli wa Kiryandongo hawamo katika orodha hiyo, na kwa miaka mingi wamelalamika kwamba wanahangaishwa wanapotafuta kadi. Wanubi wa Bombo wamo, alhamdulillahi. Lakini ndugu zao wa Kibra, jijini Nairobi, waliishi miongo mingi wakihojiwa na kamati za uhakiki kabla ya kupewa kitambulisho, wao pamoja na Wasomali wa Kenya na Waislamu wengi wa pwani. Huko bila kitambulisho au pasipoti huandikishwi kuwa mpigakura. Vijana wawili wanatimiza miaka 18 siku moja: mmoja anaulizwa jina la baba, mwingine anaulizwa babu yake alitoka wapi. Sheria ni moja, lakini mzigo ni tofauti.

Wapo watakaosema: katika fiqhi yetu dalili iko juu ya mwenye kudai, na anayetaka kura ndiye mdai, basi na alete dalili. Kanuni hiyo ni sahihi, ila hapa inatumiwa mahali pasipo pake. Ni kanuni ya watu wawili wanaogombana juu ya kitu. Raia aliyezaliwa hapa, akakua hapa, hana ugomvi na mtu. Kwake inatumika kanuni nyingine: yakini haiondolewi na shaka. Akishukiwa, anayemshuku alete sababu ya shaka yake. Zaidi ya hayo, dalili yenyewe iko mikononi mwa dola, kwa sababu dola ndiyo inayotunza rejista, inayochapisha kadi na inayopanga siku za kuitoa. Si haki kumdai mtu ushahidi ambao wewe mwenyewe umeushika.

Je, tuiache kadi, turudi kwenye ushahidi wa majirani? Tunao mfano. Julai 2018 nchi nzima ilichagua wenyeviti wa LC1, kwa mara ya kwanza tangu 2001, na watu walipiga kura kwa kujipanga mstari nyuma ya mgombea wao. Kijijini mgeni hujulikana. Inavutia, lakini tusidanganyike. Jirani anayeweza kukushuhudia anaweza pia kukukana. Zanzibar ilionja hilo mwaka 2009. Ili mtu aandikishwe kuwa mpigakura, alitakiwa kuwa na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na njia ya kukipata ilipita kwa sheha. Kule Pemba wengi walilalamika kwamba wamenyimwa, uandikishaji ukaingia vurugu na kusimama kwa muda. Pale kadi na jirani viliungana dhidi ya mtu yuleyule. Mnyonge asiye na kadi anaishi kwa hisani ya mkubwa wa mtaa, na kadi iliyotolewa kwa haki humtoa katika hisani hiyo. Kwa hiyo mimi siwaungi mkono wanaosema kadi ni dhuluma kwa asili yake. Ninachokipinga ni kuipa kadi cheo cha haki yenyewe.

Dalili kwamba tumefika huko ilionekana tarehe 15 Januari 2026. Asubuhi ile mashine za kuwahakiki wapigakura ziligoma katika vituo vingi, na Tume ya Uchaguzi ikaelekeza rejista ya karatasi itumike. Uamuzi huo ulikuwa sawa, kwa sababu haki ya watu haiwezi kusubiri mashine ipone. Lakini tujiulize. Chombo cha dola kilipoharibika, ilitafutwa njia nyingine mara moja. Chombo cha raia kinapokosekana, kadi ikipotea au kidole kisiposomeka, raia huambiwa arudi nyumbani. Udhuru uliokubaliwa kwa mwenye nguvu haukubaliwi kwa dhaifu.

Tusidhani mambo haya ni ya nchi maskini tu. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kutaka kitambulisho chenye picha, ikaanza kutumika katika chaguzi za mitaa za Mei 2023. Kadi za usafiri za wazee zilikubaliwa, kadi za wanafunzi hazikukubaliwa. Tume yao ya uchaguzi ilikadiria kwamba watu wapatao 14,000 walirudishwa vituoni na hawakurejea. Na hiyo ni nchi inayotoa cheti cha mpigakura bure kwa asiye na kitambulisho kingine. Anayechagua ni kadi zipi zihesabiwe huwa tayari amechagua kwa kiasi fulani ni watu gani wahesabiwe.

Basi sharti la kitambulisho linakuwa la haki lini? Kwa maoni yangu, mambo matatu yatimie. Kwanza, mwandishi amfuate mwenye haki: maofisa wa usajili wafike parokiani na vijijini mara kwa mara, si kwa kampeni ya msimu, na kadi ya kwanza na ya kufidia iliyopotea zisimgharimu maskini chakula chake. Pili, iwepo njia ya pili inayojulikana na wote mapema, mathalani ushahidi wa watu wawili waliomo katika rejista wakila kiapo, na atakayeapa uongo aadhibiwe. Tatu, tarehe za mwisho zisiwe mtego. Kwa uchaguzi wa Januari 2021, rejista ilirekebishwa mwishoni mwa 2019. Kijana aliyetimiza miaka 18 katikati ya 2020 alikuwa mtu mzima mbele ya hakimu na mtoto mbele ya sanduku la kura. Mambo haya yasipotimia, dola inamdai raia karatasi wakati yenyewe haijalipa deni lake.

Na sisi wanafunzi tuna sehemu yetu. Tunajua kusoma fomu, tuna simu, tuna likizo. Wazee wengi vijijini kwetu wanashindwa na vitu ambavyo kwetu ni vya nusu saa: herufi ya jina iliyokosewa, fomu ya kujaza kwa Kiingereza, muhuri wa LC1 uliosahauliwa. Rejista inapobandikwa parokiani kwa uhakiki, twende tukatafute majina yao pamoja na yetu. Jumuiya yetu hupanga safari za daawa kila likizo. Si vibaya katika safari hizo pakawepo meza moja na vijana wawili wa kuwasaidia watu na fomu za NIRA, Waislamu na wasio Waislamu. Aya ile ilimwambia anayejua kuandika asikatae kuandika, kama Mwenyezi Mungu alivyomfundisha. Sisi ndio tunaojua kuandika.

Wallahu a'lam.