Haki ya Jirani Mwenye Kelele

Mtu huchagua rafiki wa kuzungumza naye na mchumba wa kuoana naye. Lakini jirani aghalabu hachaguliwi. Jirani huja pamoja na nyumba, kama jua la magharibi linavyokuja pamoja na dirisha lake. Mpangaji hukagua chumba, huuliza kodi, hutazama paa na mlango, akaridhika. Usiku wa kwanza ndipo anapotambua kuwa amepanga pia kikohozi cha mtu asiyemjua, redio yake, jogoo wake, na ugomvi wake na mkewe. Jambo hili laonekana dogo. Hata hivyo, wako watu waliostahimili njaa na maradhi bila ya kupoteza utu wao, wakaja wakaupoteza kwa sababu ya ngoma ya nyumba ya pili. Basi lastahili kuulizwa kwa makini: anayeudhiwa ana wajibu gani kwa yule anayemwudhi? Avumilie, ahame, ashtaki, au aseme?

Swali hili halina mahali panapolifaa zaidi kuliko nyumba ya Kiswahili ya mjini, kama zile zilizojaa Kariakoo, Dar es Salaam, na Ng'ambo, Unguja, katika karne ya 20. Nyumba hiyo ina ukumbi unaotoka mlango wa mbele mpaka uani. Vyumba viko kulia na kushoto. Na nyuma kuna ua wenye jiko, choo na mahali pa kufulia. Ikikaliwa na jamaa moja, mpango huo una raha yake. Mji ulipokua, na kila chumba kikapangishwa kwa watu mbalimbali, ukumbi ule mmoja ukawa njia ya wageni waliokutana kwa sababu ya kodi tu. Katika nyumba nyingi za namna hiyo hapana dari, na kuta za vyumba hukoma chini ya paa. Hivyo sauti hupanda, ikavuka ukuta, ikashukia juu ya kitanda cha mwingine. Asiye na saa hujua kuwa kumekucha kwa mchi wa jirani ndani ya kinu. Faragha ya macho ipo. Faragha ya masikio haipo.

Wako wanaodhani kuwa elimu humkinga mtu na udhia huo. Historia ya wanafalsafa haikubaliani nao. Seneca wa Roma, katika karne ya kwanza, alikaa juu ya hamamu, akamwandikia rafiki yake Lucilius barua ya kueleza sauti zilizompanda: miguno ya wanaoinua vyuma vizito, vishindo vya wanaojitosa majini, na ukelele wa wachuuzi wa vyakula. Alitoa hoja kuwa roho iliyotulia ndani haitikiswi na makelele ya nje. Lakini mwisho wa barua ile ile alikiri kuwa atahama. Immanuel Kant wa Königsberg, kama inavyosimuliwa, alitaka kumnunua jogoo wa jirani yake kwa bei yoyote. Jirani alikataa, kwa kuwa hakufahamu jogoo awezaje kumwudhi mwenye hekima, Kant akahama. Mwaka 1783 alinunua nyumba yake mwenyewe, akajikuta si mbali na gereza, na mwaka 1784 alimwandikia mkuu wa mji kulalamikia sauti za wafungwa walioimba nyimbo za dini. Arthur Schopenhauer aliwashinda wote kwa hasira. Mjini Berlin, mwaka 1821, alimtoa kwa nguvu mbele ya mlango wake mwanamke mshonaji aliyekuwa akizungumza na wenzake. Mwanamke alidai kuwa aliumia, na hatimaye mahakama ikaamuru alipwe thaler 60 kila mwaka maadamu yu hai. Ni Schopenhauer huyo huyo aliyechapisha, mwaka 1841, hoja kwamba huruma ndiyo msingi wa maadili.

Mmoja alijifundisha kutosikia, mmoja alikimbia, na mmoja alitumia mikono. Njia hizo tatu zingali zikifuatwa hata leo na watu wasiopata kusoma falsafa. Lakini zina kasoro moja: hapana hata moja inayomhesabu jirani kuwa mtu wa kusemeshwa. Kwa wa kwanza jirani ni upepo, kwa wa pili ni maradhi ya mahali, kwa wa tatu ni mzigo wa kuondolewa mlangoni.

Mtu wa sheria atasema kuwa iko njia ya nne. Mwaka 1879 mahakama ya rufani ya Uingereza iliamua kesi ya Sturges na Bridgman, ambayo msikilizaji wa Kiswahili ataielewa upesi, kwa sababu ilikuwa kesi ya vinu. Mtengenezaji wa vitu vitamu mjini London alikuwa na vinu viwili jikoni mwake, na alivitwangia kwa zaidi ya miaka 20. Daktari, jirani yake wa nyuma, alijenga chumba cha kupimia wagonjwa mwishoni mwa bustani yake, kikapakana na jiko lile; kisha akalalamika kuwa mtikisiko wa vinu wamzuia kusikiliza vifua vya wagonjwa. Daktari alishinda, na vinu vikanyamazishwa. Mwaka 1960 mtaalamu wa uchumi Ronald Coase aliirejea kesi hiyo, akaonyesha jambo ambalo wengi hawakulitazama: madhara ya ujirani yana pande mbili. Vinu vilimdhuru daktari. Lakini kimya cha daktari kilimdhuru mwenye vinu. Kila upande ulikuwa na riziki yake ndani ya sauti ile.

Katika hukumu hiyo hiyo lilitajwa jambo lenye uzito wa maadili kuliko wa sheria, nalo ni kuwa udhia hupimwa kwa mahali: kilicho udhia katika mtaa wa matajiri huenda kisiwe udhia katika mtaa wa viwanda. Kanuni hiyo ina busara yake, maana soko haliwezi kudaiwa kimya cha makaburini. Lakini ina hatari yake pia. Yaweza kufasiriwa kuwa usingizi wa maskini una thamani ndogo, na kwamba aliyezoea kelele hana haki ya kuchoka nazo. Mtoto mchanga wa mtaa wa viwanda hakuzaliwa na masikio mengine. Kenya ilitunga kanuni za kuzuia kelele na mitikisiko mwaka 2009, na Tanzania ikatunga zake mwaka 2015. Hayo ni mema, kwa kuwa mwenye spika kubwa na fedha nyingi haogopi uso wa jirani, ila huenda akaogopa faini. Walakini sheria hupima sauti, haipimi nia. Na palipo na ujirani, nia ndiyo inayouma.

Ushahidi wa hayo umo katika methali inayojulikana sana: kelele za mlango hazimzuii mwenye nyumba kulala. Mara nyingi methali hii hutumiwa kuwadharau wasemaji wa ovyo. Lakini ikitafakariwa, ina fundisho jingine. Mlango walia, na mgeni hakosi kuamka. Mwenye nyumba halali kwa sababu ya uziwi, bali hulala kwa sababu mlango ni wake. Mama hulala karibu na mume anayekoroma, akaamka kwa kilio chembamba cha mwanawe. Watu wa nyumba ya arusi hukesha na vigelegele wakafurahi, na jirani asiyealikwa huhesabu vigelegele vile vile kuwa mateso. Sauti ni moja. Tofauti ni kuhesabiwa au kutohesabiwa. Aliyeambiwa mapema, "Leo tuna shughuli, tuwieni radhi," akaletewa na sahani ya pilau, husikia ngoma ile ile kwa sikio lingine. Basi chanzo kikubwa cha uchungu wa kelele si ukubwa wake, bali ni habari inayoileta: kwamba upande wa pili wa ukuta yuko mtu anayeishi kana kwamba upande huu hapana mtu.

Ikiwa ndivyo, dawa yake haiwezi kuwa kimya peke yake. Hapa ndipo sifa ya subira inapohitaji kuchunguzwa. Subira ni njema. Lakini wengi hujiita wenye subira hali wao ni wenye kinyongo. Jirani hupiga redio mwaka mzima bila ya kuambiwa neno. Hupokewa salamu, huchekewa, huulizwa hali ya watoto. Kumbe amekwisha kuhukumiwa siku nyingi, kesi ikasikilizwa moyoni mwa mtu bila ya yeye kuitwa. Siku moja huamka akatukanwa mbele ya watu kwa makosa ambayo hakupata kuyajua. Hapo mwenye kelele ni mkosaji, lakini aliyenyamaza naye si mwadilifu. Kumnyima mtu habari ya kosa lake ni kumnyima nafasi ya kuwa mwema.

Katika mapokeo ya Kiislamu yako masimulizi yanayoliweka jambo hili katika mizani. Mtu alikwenda kwa Mtume kulalamikia jirani yake. Akaambiwa asubiri; akarudi, akaambiwa tena asubiri; aliporudi zaidi, akaambiwa atoe vyombo vyake nje, aviweke njiani. Wapita njia wakamwuliza kisa chake, akawaeleza, nao wakamlaani yule mwenye udhia. Mpaka mwenyewe akaja kumsihi arudi ndani, akiahidi kuwa hatamwudhi tena. Subira haikudharauliwa katika habari hiyo, kwani ilitangulia. Lakini haikuachwa iwe kaburi la haki. Wala mkono haukutumika. Mwenye kuonewa aliufanya udhia wa faraghani uonekane na watu, na haya ikafanya kazi ambayo ngumi isingeifanya. Bara ya Tanganyika nayo iliutambua uzito wa kusema mbele ya watu. TANU ilipoweka mpango wa nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, mjumbe alijikuta akipelekewa mashtaka ya maji machafu, kuku na makelele, kabla ya jambo kufika mahakamani.

Yamkini mtu atapinga kuwa maneno haya ni mepesi kwa mwenye nguvu, na mazito kwa mnyonge. Mpangaji atamwambiaje mwenye nyumba apunguze sauti, ikiwa jibu lake ni kutolewa vyombo nje, naye hakuvitoa kwa hiari? Mgeni wa mtaa ataanzaje kulalamikia mahali pa ibada bila ya kudhaniwa adui wa dini? Pingamizi hili ni la kweli, na laonyesha kuwa wajibu wa kusema haumwangukii mnyonge peke yake. Mwenye nguvu ana wajibu wa kuuliza kabla ya kuambiwa. Anayejua kuwa hawezi kukatazwa ndiye anayepaswa kujikataza; na kimya cha jirani yake mnyonge asikichukue kuwa idhini.

Liko jambo zito kuliko yote hayo. Ukuta usiozuia redio hauzuii kilio pia. Katika nyumba za kupanga, kila mtu apata kusikia usiku sauti ambayo si ya furaha wala ya ulevi: mwanamke anayepigwa, mtoto anayeomba asamehewe, mgonjwa anayeita bila ya kujibiwa. Aliyejifundisha kutosikia, kama Seneca alivyotamani, hupata usingizi. Lakini sikio lililozibwa kwa ajili ya ngoma huwa limezibwa kwa ajili ya kilio pia. Asubuhi watu husema, "Mambo ya watu na nyumba yao," na maneno hayo hupewa jina la adabu. Adabu ya nyumba ya Kiswahili ilikuwa kusikia mengi na kurudia machache. Haikuwa kusikia kilio na kugeukia ukutani.

Inasimuliwa kuwa Abu Hanifa, mwanachuoni wa Kufa aliyefariki mwaka 767, alikuwa na jirani fundi viatu. Mchana fundi huyo alifanya kazi, na usiku alilewa, akaimba kwa sauti wimbo wa kijana aliyepotezwa na watu wake, mpaka usingizi ukamshika. Mwanachuoni alikuwa akikesha katika sala na kumsikia usiku baada ya usiku. Usiku mmoja wimbo haukusikika. Mtu mwingine angalimshukuru Mungu kwa raha hiyo. Abu Hanifa aliuliza jirani yake yuko wapi. Akaambiwa amekamatwa na walinzi, yumo kifungoni. Asubuhi alikwenda kwa amiri akamwombea, naye akafunguliwa. Walipokuwa wakirudi, alimwuliza, kwa kuugeuza wimbo wake, kama na wao walikuwa wamempoteza. Masimulizi yasema fundi yule aliacha ulevi.

Hayo hayamhalalishii mlevi kelele zake, wala hayamwondolei aliyechoka haki ya kugonga mlango na kusema, "Jirani, tafadhali." Yanachofundisha ni kwamba aliye karibu kiasi cha kuudhi, yu karibu pia kiasi cha kusaidiwa, na umbali huo hauwezi kugawanywa mtu akatwaa nusu aipendayo. Nyumba isiyofikiwa na sauti ya mtu yeyote ni nyumba ambayo sauti ya mwenyewe haimfikii mtu. Siku atakapoanguka chumbani peke yake, ukuta mnene alioulipia utamtunzia kimya chake mpaka mwisho.