Israfu Tuliyoizoea

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia miili yenye afya, akatuteremshia maji kutoka mbinguni, akatuotoshea vyakula vya kila namna katika ardhi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila amfuataye kwa wema hata Siku ya Kiyama.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, ni miaka mingi sasa sisi wa darsa hii tumekuwa tukisema na kuandika juu ya bid'a. Tumewakanya watu karamu za matangani, tumewakanya ramli na kupunga mashetani, tumewakanya kuwaomba waliomo makaburini. Hayo ni haki, wala haturudi nyuma katika hayo. Lakini iko dhambi moja ambayo hatukuitaja ila kwa kupita njia, nayo imo katika sinia zetu, katika vikombe vyetu vya chai, na katika mifereji ya misikiti yetu. Dhambi hiyo ni israfu. Wala hatukuinyamazia kwa kutoijua hukumu yake. Tumeinyamazia kwa kuwa sisi wenyewe tumo ndani yake.

Hukumu yake iko wazi. Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kula na kunywa, kisha hapo hapo akatukataza israfu na kutujulisha kuwa Yeye hawapendi wenye kuifanya. Na katika Sura ya Al-Israa, aya ya 27, wafujao mali wameitwa ndugu wa mashetani. Tazama, ewe ndugu msomaji, mahali lilipokuja katazo la kwanza. Halikuja katika mazungumzo ya ulevi wala ya nyama ya nguruwe. Limekuja pamoja na amri ya kula vilivyo halali. Basi asidhani mtu kuwa maadamu wali ni wa halali na maji ni ya halali, atavitumia apendavyo na asiulizwe.

Na tuanze na maji, kwani ndiyo ufunguo wa sala. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas, radhi za Mungu zimshukie, kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, na akioga kwa pishi ya mudi nne mpaka mudi tano. Mudi, kwa vipimo vya leo, ni kiasi cha thuluthi mbili za lita. Usiku mmoja, baada ya darsa ya Magharibi, vijana wetu walitaka kujua sisi twatawadha kwa mudi ngapi. Wakaweka ndoo chini ya mfereji, na aliyesimamishwa mbele yake ni sisi wenyewe, mwalimu wao. Tukatawadha kama tulivyozoea, mfereji ukimwaga tokea mwanzo hata mwisho, tukipaka kichwa ukimwaga, tukisoma dua ukimwaga. Tulipomaliza, maji yalikuwa yamepita thuluthi ya ndoo ya lita 20. Kwa maji yale Mtume wetu angalitawadha mara kumi. Vijana hawakusema neno kwa adabu yao, na sisi hatukuwa na la kusema.

Zamani misikiti yetu ya pwani ilikuwa na mabirika, na mtu alichota kwa kata ya kifuu. Aliyechota aliona kiasi achotacho, na birika likipungua aliliona likipungua. Ulipokuja mfereji, jicho likaacha kupima. Mfereji wenyewe hauna kosa, kosa ni la mkono usioufunga.

Imam Nawawi, naye ni katika vigogo vya madhehebu yetu ya Shafi, ametaja kuwa wanavyuoni wamekubaliana juu ya kukatazwa israfu ya maji, hata kwa aliye ufukoni mwa bahari, wakakhitalifiana tu katika daraja ya katazo hilo, kama ni karaha au ni haramu. Ipo na Hadithi mashuhuri ya Saad, aliyekanywa kufanya israfu katika udhu hata akiwa juu ya mto unaopita. Baadhi ya wanavyuoni wameidhoofisha sanadi yake, kwa hivyo hatuifanyi kuwa nguzo ya hoja yetu, ila maana yake imeafikiana na yaliyothubutu. Ama maji ya msikiti yaliyowekwa wakfu kwa wenye kutawadha, kuyamwaga kupita haja ni haramu, kwani ni kutumia mali ya wakfu katika jambo asilolikusudia aliyeiweka.

Huenda mtu akasema: "Maji haya msikiti wayalipia, ni ya nani tena?" Jawabu yetu ni hii. Mji wa Mombasa hauna mto wake wa maji matamu. Maji yake ya mifereji yatoka nje: yatoka Mzima, katika Tsavo, chini ya vilima vya Chyulu, yakasafiri katika bomba kiasi cha kilomita 220, na Baricho penye mto wa Sabaki, na Marere katika vilima vya Shimba, na visima vya Tiwi. Njiani humo mna watu wa Taita Taveta, wa Kilifi na wa Kwale, na wako kina mama katika nchi hizo wanaotembea na madumu vichwani kutafuta maji, na huku bomba la kwenda mjini lapita katika ardhi yao. Basi yale tuyamwagayo huku tukisoma dua ya udhu, yametoka nchini mwa jirani mwenye kiu. Risiti ya bili haiondoi haki ya jirani.

Sasa tuje kwenye chakula. Imepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Miqdam kuwa mwanadamu hakujaza chombo kilicho kibaya kuliko tumbo lake, na kwamba vyamtosha vitonge vya kumsimamisha mgongo. Na kama hana budi, basi thuluthi iwe ya chakula, thuluthi ya kinywaji na thuluthi ya pumzi. Hadithi hii twaisoma kila Ramadhani, na tukiisha kuisoma twakaa kwenye futari. Mbele yetu huwekwa tende, na kaimati zilizotiwa shira, na tambi za sukari, na mahamri kwa mbaazi, na viazi vya nazi, na sharbati, na chai yenye sukari vijiko vitatu. Mchana tumefunga kula, na usiku twalipa deni kwa riba.

Sisi tuandikao haya tulikwenda kwa daktari mwaka uliopita kwa sababu ya kiu isiyokwisha na macho kufifia. Akatupima damu, akatazama karatasi, akasema: "Sheikh, sukari yako imepanda sana, na haikupanda jana." Akatuuliza tunywavyo chai. Tukamwambia kuwa kila nyumba tuingiayo hupewa chai, na kila sinia tuwekewayo huwekewa fungu la sheikh, na mama wa nyumba husema, "Sheikh, usinivunjie heshima, ongeza kidogo." Daktari akacheka, kisha hakucheka tena.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, limesema kuwa sukari inayotiwa katika vyakula na vinywaji isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku, na ni bora ishuke mpaka nusu ya hiyo, yaani kiasi cha gramu 25, nazo ni kama vijiko sita vya chai. Chupa moja ya soda ya mililita 300 yaweza kuwa na gramu 30 peke yake. Na sukari ikizidi katika damu kwa miaka, huharibu mishipa midogo ya macho na ya figo, na hufisha hisia za miguu, hata mtu akajikwaa asisikie, kidonda kikaoza yeye hana habari. Mmoja katika wenzetu wa darsa, tuliyesoma naye tangu chuoni, amekatwa mguu kwa njia hiyo hiyo. Alikuwa akija Alfajiri kabla ya mwadhini. Leo husali nyumbani kwake juu ya kiti, na tulipokwenda kumtazama alituomba jambo moja: tuwaambie watu. Basi tumewaambia. Salman alimwambia Abu Dardai kuwa nafsi yake ina haki juu yake, na Mtume (S.A.W.) akasema kuwa Salman amesema kweli. Mwili ni amana, na mwenye kuharibu amana kwa kusudi ataulizwa.

Iko na israfu ya harusi. Tulialikwa walima katika mji huu, nyumba haitajwi. Pilau ilipikwa kwa masufuria makubwa, na wageni walipoinuka, sinia zikabaki nusu. Tukaona kwa macho yetu wali na nyama vikikusanywa katika mifuko na kutupwa jaani, na nje ya hema wamekaa watoto wa mtaa ule ule ambao hawakualikwa. Katika Bukhari na Muslim imekuja kuwa chakula kiovu ni chakula cha walima walioitiwa matajiri na wakaachwa masikini. Sisi Hadithi ile twaijua kwa moyo. Lakini tulikuwa tumeshiba pilau ya mwenyewe, tukaomba dua, tukatoka. Lau ingelikuwa pale imepigwa ngoma, tungalisimama tukakataza. Kwa wali uliotupwa hatukusema kitu. Ewe Mola wetu, tusamehe kimya kile.

Na chakula kile hakimaliziki jaani. Kikioza chini ya takataka hutoa gesi ya methani, nayo ni katika gesi zinazozuia joto lisitoke duniani, na joto hilo likizidi huvuruga majira ya mvua tunayoyategemea. Na vyombo vya plastiki tulivyokilia havikuoza kamwe, bali huingia mitaroni, mvua ya masika ikija maji yakakosa njia, na mwisho wake huwa baharini na katika mikoko wanamozalia samaki. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku na serikali ya Kenya tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini kubwa na kifungo. Twaona haya kuwa ilibidi tutishwe kwa jela, na sisi twafundishwa tangu utotoni kuwa kuondoa udhia njiani ni tawi katika matawi ya imani. Ikiwa kuuondoa ni imani, kuutupa ni nini?

Basi, ndugu zetu, twawausia mambo haya, nasi wenyewe tumeyaanza:

Kwanza, tufunge mfereji tunapopaka na tunaposugua, au turudie kata na kopo. Na wasimamizi wa misikiti wasiache mfereji uvujao hata siku moja.

Pili, tupakue kidogo, tumalize, na tuokote kilichoanguka, kwani imethubutu katika Muslim kuwa tonge ikianguka husafishwa na kuliwa, wala haiachiwi shetani. Kinachobaki kizima kipelekwe kwa jirani kabla hakijachacha.

Tatu, tupunguze sukari kijiko kwa kijiko. Mazoea ya ulimi hubadilika. Chai iliyotukirihi wiki ya kwanza sasa twainywa bila taabu. Na mwenye kumpenda sheikh wake asimwongezee.

Nne, twende msikitini kwa miguu. Watu wa mitaa miwili tu hupanda bodaboda, na hali kila hatua ya kwenda msikitini ina ujira. Dakika tano za kwenda na tano za kurudi, kwa sala tatu, ni nusu saa kwa siku. Kwenda tuende kwa utulivu kama tulivyoamrishwa, na kurudi tukaze mwendo.

Tano, turudie kikapu cha ukili tuendapo sokoni. Kikichakaa huoza kikawa udongo, na fedha yake huingia mikononi mwa mama aliyekisuka.

Sita, kila nyumba yenye ua ipande mti, angaa mmoja. Imethubutu kuwa Mwislamu apandaye mti, akala katika mti huo mtu, au mnyama, au ndege, huwa ni sadaka yake.

Huenda wakatokea watakaosema kuwa haya ni maneno ya madaktari na ya Wazungu, na kwamba sheikh ameacha dini akashika usafi wa mji. Twawajibu: mudi moja ya maji haikuletwa na Wazungu, wala thuluthi ya tumbo haikuandikwa hospitali. Hizi ni sunna zilizoachwa. Na mwenye kudai kuhuisha sunna, kisha akachagua zile zinazowakemea wenziwe na kuziacha zinazoikemea sahani yake, hajahuisha kitu.

Neno letu la mwisho ni kwa masheikh na maimamu wenzetu. Sisi ndio tukaao mbele ya sinia kubwa, na watu hututazama sisi kabla ya kula. Tukiinua mkono mapema, nao watainua. Tukisema katika walima, "Hiki kilichobaki kitakwenda kwa nani?", mwenye walima atatafuta jawabu. Na mwaka ujao atalifikiri swali hilo kabla ya kuwasha jiko.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amponye mwenzetu na wagonjwa wote, aturuzuku kukinai na kidogo kilicho chema, na atujaalie tuyatende tuyasemayo. Wabillahi tawfiki.