Alisimama Akamsikiliza



Somo letu mwezi huu ni Marko 5:21-43. Yairo, mkuu wa sinagogi, alikuwa na haraka, maana binti yake yu karibu kufa. Lakini njiani Bwana Yesu alisimama kwa ajili ya mwanamke aliyeugua miaka 12. Mama huyu alikuwa amekwisha kupona. Angeweza kurudi kwake kimya. Bwana hakukubali. Alimtafuta kati ya watu, akamwacha aeleze habari zake zote, na yule mkubwa akingoja.

Sisi wa Karagwe na Kyerwa tunao akina mama wa namna hiyo. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa hapa mkoani Kagera. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa kilichotoka Uganda kwa magendo. Wengine walisema ni uchawi. Tulipokuwa tukibishana juu ya jina, akina mama walikuwa wakifua mashuka na kupika uji. Mke alimwuguza mumewe, akamzika, kisha akaanza kuugua mwenyewe. Bibi aliyedhani amemaliza kulea akaanza upya na wajukuu.

Na sisi Wakristo je? Tuseme kweli. Tulikwenda matangani, tukaimba, tukala ndizi na maharage, tukarudi nyumbani. Mashemeji walipokuja kupima kibanja na kuhesabu mibuni, tulisema, hayo ni mambo ya ukoo. Tena wapo kati yetu walioogopa kunywa baada ya mjane huyo katika kikombe kimoja cha Meza ya Bwana.

Mungu ametuhurumia. Tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure nchini, na mama tuliyemngojea kufa leo analima. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Korona ilipoingia mwaka 2020, akina mama haohao walitukumbusha kwamba kunawa mikono si kumkimbia mgonjwa. Walikuwa wamejifunza zamani, peke yao.

Lakini dawa na sheria haziwezi kumsikiliza mtu. Kazi hiyo ni yetu. Basi Jumapili hii, baada ya ibada, tusiondoke upesi. Kila mmoja amwendee bibi mmoja, amwulize: ilikuwaje? Tusimpe mashauri; tumsikilize mpaka mwisho. Na ukoo ukikaa kugawa kibanja, wazee wa kanisa wawili waende wakaketi pamoja na mjane, ili asiwe peke yake mbele ya wenye nguvu.

Yairo alingoja, wala hakupoteza kitu. Binti yake alifufuliwa. Nasi tusiogope kuchelewa kwa ajili ya mjane. Bwana mwenyewe alichelewa.

Amina.